Jiko Jeupe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubandika vigae vikavu.

Sikujua kwamba kigae cha udongo uliochomwa kina kiu. Ukikibandika ukutani bila kukilowesha, kinanyonya maji yote ya saruji iliyo nyuma yake, na saruji ikinyang'anywa maji haishiki kitu. Inabaki unga uliogandamana. Mimi vigae vyangu nilivipangusa kwa kitambaa hadi vikakauka kabisa, kwa sababu nilidhani adui ni uchafu. Nilipanga mistari ya kwanza ukutani mwa jiko jipya, nikaipima kwa uzi, nikaibandua, nikaipanga tena, nikaenda kulala na furaha ambayo kwangu ni nadra. Asubuhi, mimi na mama tukinywa chai ya rangi uani, tulisikia kitu kikianguka ndani, kisha kingine, halafu vyote kwa pamoja, kama kabati la vyombo limepinduka.

Mama aliweka kikombe chini, akaingia, akaanza kuokota vipande na kuvitia kwenye ungo. Nikamwambia aache, atajikata.

"Nimeshika makaa maisha yangu yote," akasema, "leo niogope sahani?"

Kisha akakohoa. Alikohoa ameinama, mkono mmoja ameuegemeza ukutani, palepale vigae vyangu vilipobanduka. Alipouondoa, kiganja kilikuwa cheupe kwa unga wa saruji, na ukutani palibaki alama ya vidole. Nikaanza kuwaza nitakavyoikwangua alama ile. Nasema ukweli kwa sababu nikianza kuficha hapa nitaficha kote: niliuwaza ukuta kwanza, ndipo nikamwaza yeye.

Kwetu ni Mwika, sehemu za juu, ambako migomba inakaribia kukutana na msitu. Mimi ni kitindamimba, na kwa Wachagga kitindamimba ndiye anayebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wakubwa hukatiwa shamba kwingine au hushuka kwenda kutafuta maisha. Mdogo anarithi nyumba ya mama, na pamoja na nyumba anakabidhiwa mama mwenyewe. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Kaka yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari kule tambarare, na tulimwona Krismasi, na katikati ya mwaka kama kuna msiba. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi, pamoja na ng'ombe mmoja. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye mdomo wake ulijulikana hadi Himo.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kijiji kikanipa kazi ya kuuza katika duka la ushirika. Ilikuwa miaka ile baada ya askari kurudi kutoka Uganda, na duka lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Palikuwa na viberiti na majani ya chai. Sabuni ya mche ikija asubuhi, mchana haipo. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuuza, nilipanga. Nilipanga viberiti pembe kwa pembe, picha zote zikitazama mlangoni, na mteja akichukua kimoja nilivipanga vyote upya. Watu walinicheka, na walikuwa na haki. Lakini nikiona kitu kimekaa upande tumbo linanikaza, na halilegei mpaka nikinyooshe. Sikufundishwa na mtu kuwa hivi. Wala sikufundishwa na mtu ufundi wowote ninaoujua. Nilitazama, nikajaribu, nikaharibu, nikajaribu tena.

Mama alipikia katika jiko la zamani nyuma ya nyumba. Lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa kwa nyasi, na halikuwa na dirisha. Mafiga matatu yalikuwa katikati, na juu yake dari la fito ambapo tulianika kuni na mahindi ya mbegu. Moshi ulipanda, ukapita katikati ya mahindi, ukatafuta njia yake kwenye nyasi. Kila kitu mle kilikuwa cheusi na chenye kung'aa, kama kimepakwa mafuta. Mama aliingia mle asubuhi gizani akatoka akifuta macho. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ugonjwa. Wanawake wote wa rika lake walikuwa na macho mekundu na kikohozi, na sisi watoto tulikijua kikohozi cha mama zetu kama tunavyoijua sauti ya mlango wa nyumbani.

Mpaka msimu mmoja wa baridi, ukungu umekaa kwenye migomba wiki nzima, alipokohoa hadi akashindwa kusimama. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaniita pembeni.

"Anavuta?"

"Hapana, daktari. Mama hajashika sigara maishani mwake."

"Amevuta kuni," akasema. "Amezivuta tangu akiwa msichana. Mwondoeni kwenye moshi. Kilichoharibika hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kumfikisha mbali."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Lakini nyuma ya daktari palikuwa na ukuta wa vigae vyeupe, umepangwa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake, mistari imenyooka, pembe zinakutana, na hakuna hata kimoja kilichokaa upande. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tumbo langu lililegea. Nilimtazama mama amelala karibu na ukuta ule, nikaona kwamba mtu akiwa karibu na kitu safi namna ile hawezi kuendelea kuumwa. Hivyo ndivyo nilivyolielewa agizo la daktari. Alisema moshi. Hakusema vigae.

Kaka alikuwa amejenga nyumba ya matofali miaka michache kabla, na nyuma yake alitenga chumba cha jiko. Hakikuwahi kupikiwa, kwa sababu dohani ya kutolea moshi haikumalizwa. Lilikuwa tundu tu ukutani, limezibwa kwa gunia. Tulihifadhi humo majembe na magunia ya kahawa. Mtu mwenye akili angeanza na dohani. Fundi wa mabati wa Moshi mjini angeikunja kwa siku moja, mama angehamishia sufuria zake mle juma lilelile, kuta ziwe zilivyo. Mimi nilianza na vigae. Dohani haionekani, iko juu ya paa. Ukuta unauona kila ukiingia.

Vigae nilivipata katika nyumba kubwa ya shamba la kahawa lililokuwa la mzungu kabla ya kutaifishwa. Nyumba ilikuwa ghala sasa, na vyumba vya kuogea vilikuwa vimebomolewa ili kuongeza nafasi. Kifusi kilirundikwa nje, na uongozi wa kijiji ukasema anayetaka achukue. Wengine walichukua mawe ya msingi. Nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada na tindo na nyundo, nikaketi juu ya rundo lile nikibandua kigae kimoja kimoja kutoka kwenye saruji yake ya zamani. Vingi vilivunjika. Vilivyopona nilivibeba kichwani kwa gunia nikapanda navyo mlima, nikavisugua kwa mchanga na majivu, nikavitandaza juani chini ya mibuni. Kuku walipita juu yake, nikavisugua tena.

Shangazi alinikuta nikisugua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bado unaosha sahani za mzungu?"

"Ni vigae, shangazi."

"Najua ni vigae. Nimefua katika nyumba ile wewe hujazaliwa. Mwenyewe aliviweka chooni. Wewe unataka kuviweka panapopikwa mtori."

"Vimeoshwa."

"Sikusema ni vichafu, mwanangu. Nimesema vimetoka chooni." Akacheka hadi akashika kiuno, kisha akapaza sauti upande wa jiko la zamani, ambako moshi ulikuwa ukivuja kwenye nyasi. "Wifi! Njoo uone choo chako kinavyong'aa!"

"Mwache mtoto, wifi," mama akajibu kutoka ndani, na sauti yake ikakatika kwa kikohozi. Aliendelea baadaye: "Wenzake wanakunywa mbege. Yeye anakunywa sabuni."

Niliosha vigae vyote kwa mara nyingine baada ya shangazi kuondoka.

Nilipovikausha na kuvibandika na kuviona vikianguka, kama nilivyosema, nilikaa siku nyingi bila kugusa mwiko. Nilijiona mjinga wa kijiji. Kisha siku moja nilidondosha kimoja katika ndoo ya maji ya ng'ombe, nikasikia kikilia: vipovu vidogo vilikuwa vikitoka mgongoni mwake, na havikukoma upesi. Nikaelewa. Nilijaza pipa, nikavilowesha usiku kucha, nikavibandika vikiwa vimeshiba. Vilishika. Ningefurahi kama ningejua kufurahi. Lakini vilipoanza kushika ndipo nilipoona havikuwa na weupe mmoja.

Vilikuwa vyeupe vya namna tatu. Kuna vilivyokuwa vyeupe kama karatasi, kuna vyeupe vya maziwa, na kuna vile vilivyokaa karibu na bomba la mzungu miaka mingi vikapata umanjano. Juani hutambui. Ndani, dirisha moja, saa za jioni, niliona kila kimoja kinachopishana na jirani yake. Nikabandua. Nikavichambua upya, karatasi upande wa dirisha, maziwa upande wa mlango, vya manjano chini ambako kungekuwa na kuni. Vingine vilivunjika wakati wa kubandua, kwa hiyo nilirudi kifusini. Saruji ilikwisha, na saruji wakati ule ilikuwa ya kibali. Unaomba, unangoja, unaambiwa gari halijafika kutoka Dar es Salaam. Nilingoja, nikapata mfuko ulioganda nusu, nikauponda na kuuchekecha kwa chekecheo la mama la unga.

Yeye wakati huo alikuwa anapika. Hilo ndilo nisiloweza kulikwepa. Kila wiki niliyoitumia kunyoosha mstari uliopanda kwa unene wa njiti ya kiberiti ilikuwa wiki nyingine ya mama kupiga magoti mbele ya mafiga na kupuliza. Nilimsikia. Jiko la zamani lilikuwa hatua chache kutoka pale nilipokuwa. Nilikuwa nikijiambia: nikimaliza, atapona, kwa hiyo lazima limalizike vizuri. Nilisema hivyo na mvua za vuli zikaanza.

Mwezi wa kumi na moja kaka alipata ruhusa ya siku mbili, akaja na dohani ya bati mgongoni, aliyoikunja mwenyewe kutokana na pipa kuukuu. Aliingia jikoni akasimama. Kuta tatu zilikuwa tayari. Nilimngoja aseme neno. Alipitisha kidole kwenye kiungo cha vigae.

"Kazi nzuri, bwana mdogo. Mbona hii pembe umeibandua tena?"

"Haikukaa sawa."

"Nani ataiona? Iko nyuma ya mlango."

"Mimi."

"Na mama anapikia wapi wakati wewe unaitazama?"

Alipanda juu ya paa kwenye manyunyu akaifunga dohani, akajenga sehemu ya moto ya kuinuka ili mama asipige magoti, na kabla hajaondoka akaniambia, mama akiwa hasikii, kwamba Krismasi akirudi anataka kumkuta anapika mle. Nilimaliza siku chache kabla ya watu kuanza kupanda kutoka mijini.

Krismasi nyumba yetu hujaa kama za wengine wote. Mbuzi alichinjwa, wanaume wakakaa nje na nyama zao, wanawake wakaingia jikoni. Au tuseme walisimama mlangoni. Jirani mmoja alivua viatu. Aliyemfuata akavua vyake, na ikawa sheria: mlangoni palikuwa na safu ya viatu kama msikitini.

Shangazi alichungulia. "Humu mnapika au mnapasua watu?"

Kicheko kikalipuka. "Ingia, shangazi," nikasema.

"Naogopa dripu."

Mama aliingia wa mwisho. Alikuwa amenawa mikono na miguu kwenye beseni nje. Alisimama katikati ya chumba, viwiko amevibana mbavuni, kama mtu aliyeingia duka la vioo, akageuka polepole akitazama ukuta mmoja baada ya mwingine. "Aika, baba," akaniambia kwa Kichagga. Asante. "Umeniletea hospitali nyumbani." Nililichukua kama sifa.

Moto ukakokwa, na dohani ikavuta vizuri. Moshi ulikwenda zake juu, na mama alisimama wima mbele ya sufuria ya machalari, ndizi na nyama, bila kufuta macho. Kaka alinigonga begani. Saa ile, nusu saa ile labda, tulikuwa tumefanya kile daktari alichosema. Nataka iandikwe kwamba ilikuwepo.

Halafu wanawake wakaanza kumenya ndizi za sufuria ya pili. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anajua utomvu wake: unanata mikononi, na ukikauka unakuwa mweusi, na hautoki. Mtu alijipangusa, mtu alishika ukuta kupita, mtoto alipitisha vidole. Nikaona doa la kwanza, nikaja na kitambaa na majivu. Nikaona la pili. Alasiri upepo ukashuka kutoka mlimani, ukaurudisha moshi kidogo ndani ya dohani, na masizi yakatua kwenye vigae vya juu ya moto, vile vyeupe kama karatasi. Nilikuwa nikipita katikati ya wanawake na kitambaa changu, nikiomba njia, nikisugua. Walinipisha. Mazungumzo yao yalipungua. Sikulitambua hilo wakati ule, nalikumbuka sasa.

Mama akaja kuinua mfuniko. Kikohozi kikamshika, akainama, akanyoosha mkono kutafuta ukuta, mkono uliojaa utomvu.

"Mama, mkono!" nikapiga kelele.

Mkono ulibaki hewani. Alikohoa bila kushika chochote, anayumba, mpaka shangazi akamdaka kiunoni. Kikohozi kilipokwisha alikunja vidole, akavifuta kwenye kanga mpya aliyoletewa na kaka.

"Samahani, baba," akasema.

Aliniomba mimi msamaha, mbele ya wanawake wote, katika jiko la nyumba yake. Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa neno, alinitazama tu. Nilisema si kitu, mama. Na nilipogeuka nilikuwa nimeshaona doa lingine karibu na dirisha.

Wageni walishuka baada ya Mwaka Mpya. Siku chache baadaye nilirudi kutoka dukani nikaona moshi unavuja kwenye nyasi za jiko la zamani. Nikamuuliza mama. Alisema mahindi ya mbegu yako kule darini, na mahindi yasipopata moshi yanabunguliwa. Na kuni nazo hazikauki mahali pengine. Anawasha kidogo tu, akasema. Ilikuwa kweli. Katika mipango yangu yote ya mistari na pembe sikukumbuka kwamba jiko la Mchagga lina dari, na dari lina kazi. Jiko langu lilikuwa na kuta tu. Nikasema sawa.

Jioni chakula kilikuwa mezani katika jiko jeupe, kimefunikwa. Ikawa hivyo kila jioni. Mchana nilipita mara moja moja kupangusa, na nikaona hapana cha kupangusa. Vigae vilikaa vyeupe Januari, vikakaa vyeupe Februari, na nilijisifu kwamba mama amejifunza kupika kwa usafi. Sikujiuliza jiko linalopikiwa kila siku linabakije jeupe. Mtori wake ulinukia moshi wa zamani. Niliusikia ulimini kila siku, nikanyamaza. Mtu akiamua kutoona, pua nayo inaweza kuamrishwa. Nilipenda kuamini, kwa kuwa kuamini kulinibakizia kuta zangu.

Masika yalipita, ukungu ukashuka. Siku moja dukani hapakuwa na chochote kabisa, hata viberiti, nikafunga mapema. Nilifika nyumbani mchana. Jiko jeupe lilikuwa limefungwa, majivu yake ya baridi, na pembeni ya moto kulikuwa na kanga iliyokunjwa vizuri, aliyotumia kupangusia vumbi. Nikaenda nyuma.

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye nguzo, anavuta hewa kwa sauti ya kitu kinachokwanguliwa. Sufuria ilikuwa inachemka mbele yake. Nilimbeba mikononi, mwepesi, nikamketisha kwenye majani nje.

"Mama, kwa nini unapikia huku?"

Alichelewa kujibu. Si kwa kutafuta maneno, bali kwa kutafuta pumzi.

"Kule... ni mgeni mimi. Nikiweka sufuria... nakuona wewe."

"Lakini nilikujengea wewe."

"Najua, baba." Akanishika mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naumwa. "Ni pazuri. Huwa naingia... napaangalia."

Shangazi alikuwa amesikia, amesimama penye isale, mimea ya mpakani. "Mwambie yote, wifi," akasema. Mama akakataa kwa kichwa, kwa hiyo shangazi akaniambia mwenyewe. "Hajapika mle tangu Krismasi. Hata siku moja. Anabeba sufuria kutoka huku kabla hujarudi. Sisi wote tunajua. Alitukataza, eti utaumia." Kisha kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kwamba anayo: "Mimi ningekuambia. Nimechelewa."

Tulimshusha kwa lori la kahawa, ameketi mbele kwa dereva. Daktari alikuwa yuleyule. Alinikumbuka.

"Nilisema mmwondoe kwenye moshi."

"Tulimjengea jiko jipya, daktari. Lina dohani."

"Anapikia humo?"

Nilitazama chini. Daktari alisema mapafu yamesinyaa, kwamba atarudi nyumbani lakini si kama alivyotoka mara ya kwanza, na kwamba kilichobaki sasa ni kidogo. Nyuma yake ukuta wa vigae ulikuwa palepale. Ulikuwa na ufa unaoshuka kutoka kwenye dirisha, na vigae viwili vilivyobandikwa baadaye, si vya weupe uleule. Sikuwa nimeviona mara ya kwanza.

Aliporudi hakuweza kupuliza moto, wala kusimama mbele yake. Kwetu mwanamume huchoma nyama nje, hakorogi mtori. Nilikokota kiti cha mama hadi mlangoni mwa jiko jeupe, hewa inakopita, nikawasha. Nilimenya ndizi vibaya. Shangazi alikuja kuona kama alichosikia ni kweli.

"Jamani! Mwanamume anamenya ndizi. Na nusu ya ndizi anaitupa na ganda."

"Nifundishe basi, shangazi."

"Nikufundishe nini? Una vigae."

Mama alicheka. Kicheko kilimgharimu pumzi, mimi na shangazi tukangoja mpaka iliporudi. Halafu akaninyooshea kidole: chumvi bado. Nilikuwa nimejaa utomvu hadi viwiko. Nilitaka kushika ukuta nikasita, mkono umesimama hewani, na nikamwona anautazama mkono ule. Nikaushika ukuta. Haikumrudishia chochote.

Hayo ni ya miaka miwili iliyopita. Mama hafiki tena kanisani, na sentensi ndefu huzigawa vipande. Vigae vya juu ya moto vimekuwa vyeusi na vya mlangoni vina madoa ya vidole, vyangu vingi kuliko vya mtu mwingine. Jiko la zamani tumelibomoa. Mama hapiki tena, napika mimi.